Nauli Katoa Nani?

Mwaka 1882, katika majira ya kuchipua, wanamuziki 54 wa Berlin walikataa kutia saini mkataba. Tajiri wao, Benjamin Bilse, alikuwa amewapangia safari ya Warsaw, na alitaka wasafiri kwa behewa la daraja la nne. Katika reli za Prussia hilo lilikuwa daraja la vibarua na wachuuzi wenye vikapu. Lilianza bila viti kabisa: abiria alisimama, au alikaa juu ya mzigo wake. Sasa mzigo wa mwanamuziki haukaliwi. Chelo huwezi kuikalia, na fidla huwezi kuilaza sakafuni katikati ya viatu vya watu kwa zaidi ya kilomita 500, halafu ushuke Warsaw, uvae koti jeusi, upige Beethoven.

Bilse anasimuliwa siku hizi kama bahili tu, na mimi naona anaonewa. Alizaliwa 1816 huko Liegnitz, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Legnica. Aliichukua bendi ya mji, akainoa hadi mwaka 1867 akaipeleka Paris kwenye maonyesho ya dunia, ikapiga pamoja na Johann Strauss. Halafu akahamia Berlin. Katika ukumbi wake wa Mtaa wa Leipziger watu walikaa kwenye meza, wakala, wakanywa bia, kina mama wakafuma sweta, na huku wanapigiwa simfoni kwa kiingilio ambacho mtu wa kawaida alikimudu. Watu wengi wa Berlin walimsikia Wagner kwa mara ya kwanza hapo, wakiwa na bilauri mkononi. Ila bendi ilikuwa mali yake. Yeye aliajiri, yeye alifukuza, yeye alipanga nani apande behewa gani.

Wale 54 wakatoka. Mwanzoni walijiita Bendi ya Zamani ya Bilse, kwa sababu jina hilo ndilo wateja walilolijua, na wakaapiana kwamba kuanzia hapo watajiendesha wenyewe: hasara ya wote, faida ya wote, uamuzi kwa kura. Tarehe 1 Mei 1882 inahesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwao. Ndio hawa ambao leo dunia inawajua kama Okestra ya Filamoniki ya Berlin.

Mimi ni mpiga fidla wa taarabu, na habari ya wanamuziki kujimiliki haikunishangaza niliposikia mara ya kwanza. Kwetu Unguja, Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, klabu ya wanachama, michango yao ndiyo iliyoagiza udi na kanuni kutoka Misri. Kilichonishika ni ile nauli. Mzee aliyenifundisha fidla alikuwa na swali moja katika kila kikao cha klabu kilipokuja kuzungumziwa mwaliko wa nje: "Nauli katoa nani?" Tulimwona anakera. Mpaka tulipokwenda Ulaya kwa mwaliko wa promota mmoja, jina lake silitaji, aliyetuahidi hoteli. Tukalala ndani ya basi, na ngozi ya kanuni ikapasuka kwa baridi. Tangu hapo nimeisoma historia ya okestra hii ya Berlin kwa swali la yule mzee, na sijapata ufunguo mwingine unaoifungua vizuri zaidi.

Miaka ya mwanzo nauli walitoa wenyewe, na njaa waliiona. Ukumbi wao wa Mtaa wa Bernburger ulikuwa kiwanja cha kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Mwaka 1888 ndipo ukajengwa upya uwe ukumbi wa muziki kweli. Wakala Hermann Wolff aliwapangia mfululizo wa maonyesho yenye viongozi wakubwa wa kusimama mbele na kijiti. Kiangazi Berlin ilipokuwa tupu, watu wa uwezo wakiwa likizoni, wanamuziki nao waliwafuata wateja: walikwenda kupiga katika hoteli ya mapumziko ya Scheveningen, ufukweni Uholanzi, na mapato ya pwani hiyo yakawasaidia kuishi majira ya baridi. Hilo mwanamuziki yeyote wa hoteli za Nungwi au Diani analijua bila kufundishwa.

Mwaka 1887 akaja Hans von Bülow kushika kijiti, na huyu alikuwa bingwa wa safari kabla hajafika. Huko Meiningen, mji mdogo wa mtawala mdogo, alikuwa ameichukua okestra ya ikulu na kuizungusha Ujerumani yote kwa treni, ikipiga bila kutazama karatasi. Brahms mwenyewe alifuatana nao 1885 na Simfoni yake ya Nne, muda mfupi baada ya kuizindua Meiningen. Nidhamu hiyo Bülow akaihamishia Berlin. Mwaka 1889 aliwapigia watu Simfoni ya Tisa ya Beethoven mara mbili usiku mmoja, ili wasioielewa mara ya kwanza waielewe mara ya pili. Aliugua, akapelekwa kwenye hewa kavu ya Misri, akafia Cairo Februari 1894.

Baada yake Arthur Nikisch, kuanzia 1895 hadi kifo chake 1922. Enzi hii ndiyo safari zilipofika mbali, hadi Urusi. Safari ninayoiheshimu zaidi ni ya Paris, 1897. Vita vya 1870 na 1871 vilikuwa bado kidonda kibichi kwa Wafaransa, na Wajerumani hao walikwenda wakiwa raia wa kawaida wanaotafuta riziki, hawana bendera ya kupeperusha wala serikali nyuma yao. Novemba 1913 Nikisch na okestra wakaingia studio na kurekodi Simfoni ya Tano ya Beethoven nzima, mojawapo ya simfoni kamili za mwanzo kabisa kuwekwa kwenye santuri. Kuanzia hapo sauti yao ikaanza kusafiri peke yake.

Wilhelm Furtwängler alipochukua kijiti 1922, fedha ya Ujerumani ilikuwa inaelekea kuwa karatasi tupu. Mfumuko wa bei wa 1923 ulikausha akiba, na kampuni ya wanamuziki, ile iliyotokana na kiapo cha 1882, ikaanza kuishi kwa misaada ya jiji na ya dola. Nje walishangiliwa, kuanzia 1927 waliizoea Uingereza. Nyumbani walikuwa wanadaiwa. Hitler alipoingia madarakani 1933 okestra ilikuwa karibu kufilisika, na Joseph Goebbels, waziri wa propaganda, aliona kitu kizuri kinachouzwa rahisi. Wanamuziki wakauza hisa zao. Kufikia 1934 okestra yote ilikuwa mali ya dola, na wao wakawa watumishi wa serikali wenye mshahara wa uhakika na vyombo bora vya kuazimwa.

Hapa naomba msomaji asipite haraka. Hawakuvamiwa usiku. Walichoka kudaiwa, wakaletewa karatasi, wakasaini. Naifahamu ile raha ya kumpata mtu wa kulipa madeni yote kwa mkupuo. Nimeiona machoni mwa wenzangu katika klabu. Lakini mlipaji huyu alikuja na masharti, na sharti la kwanza lilikuwa damu. Okestra ilikuwa na wanamuziki wanne Wayahudi: Szymon Goldberg, aliyekaa kiti cha kwanza cha fidla, mpiga fidla Gilbert Back, na wapiga chelo Joseph Schuster na Nicolai Graudan. Furtwängler aliwatetea kwa muda. Kufikia mwanzoni mwa 1936 wote wanne walikuwa wameondoka. Berta Geissmar, katibu wake, ambaye kwa miaka ndiye aliyeshika mipango ya safari za okestra, naye Myahudi, alikimbilia London akafanye kazi kwa Thomas Beecham. Goldberg akawa mwanamuziki wa kuzunguka dunia. Vita vilimkuta katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, akiwa ziarani na mpiga piano Lili Kraus. Wajapani wakamkamata huko Java, akakaa kizuizini mpaka 1945.

Wenzake waliobaki hawakupelekwa vitani. Kila mmoja alipewa msamaha wa kutoingia jeshini, kwa hoja kwamba kazi yake ya muziki ni ya lazima kwa dola. Na kazi yenyewe ilikuwa safari. Nchi baada ya nchi ikitekwa, okestra ilifuata nyuma ya jeshi: Uholanzi, Ubelgiji, Ufaransa, Denmark, Norwe. Treni sasa ilikuwa nzuri, na aliyelipa ni Goebbels. Mei 1942 walifika Lyon wakiwa chini ya Clemens Krauss. Vikundi vya wapinzani vilikuwa vimeita watu, na mbele ya ukumbi wa Rameau umati ulikusanyika kuwazomea na kuimba wimbo wa taifa la Ufaransa. Nimefikiria sana juu ya mpiga fidla aliyekuwa ndani usiku ule. Alikuwa anapiga vizuri, sina shaka. Okestra hiyo haikuwahi kupiga vibaya. Walio nje walikuwa na haki, na uzuri wa upigaji wake haukuwapunguzia haki hiyo hata kidogo.

Usiku wa tarehe 30 Januari 1944 mabomu yakauteketeza ukumbi wa Mtaa wa Bernburger. Wakahama kutoka jengo hadi jengo mpaka Aprili 1945, Warusi wakiwa malangoni.

Ujerumani ilisalimu amri tarehe 8 Mei. Siku 18 baadaye, tarehe 26, okestra ilipiga tena, katika ukumbi wa sinema wa Titania-Palast, mtaa wa Steglitz. Aliyewakusanya ni Leo Borchard, Mjerumani mzaliwa wa Moscow aliyewahi kuwaficha watu waliokuwa wakisakwa na Manazi. Onyesho lilifunguliwa na Mendelssohn, mtunzi wa asili ya Kiyahudi ambaye muziki wake ulikuwa umepigwa marufuku, na likafungwa na Tchaikovsky, Mrusi. Sidhani kama kuna orodha ya nyimbo iliyopangwa kwa akili zaidi ya ile. Borchard hakudumu. Tarehe 23 Agosti mwaka huohuo, akirudishwa nyumbani usiku kwa gari la ofisa wa Kiingereza, gari halikusimama kwenye kizuizi, na askari wa Kimarekani akampiga risasi akafa. Kijiti kikapokewa na kijana wa Kirumania, Sergiu Celibidache, wa miaka 33.

Safari ya kwanza kubwa baada ya vita ina habari ambayo sisi Waafrika tunapaswa kuijua. Mwaka 1948 Wasovieti waliifunga Berlin Magharibi, unga na makaa ya mawe vikawa vinaletwa kwa ndege. Vuli hiyo okestra ilitolewa ndani ya mji uliozingirwa kwa ndege za Waingereza, ikapige Uingereza, nchi ambayo miaka michache nyuma ilikuwa inapigwa mabomu na Wajerumani. Mwaliko ulitoka kwa Christian Action, chama cha padri John Collins wa Kanisa la Mtakatifu Paulo, London, aliyeamini kwamba maadui wa jana lazima wakae ukumbi mmoja. Padri huyuhuyu na chama hichohicho, mwaka 1956, ndio waliokusanya fedha za mawakili wa washtakiwa 156 wa kesi ya uhaini Afrika Kusini, akiwemo Nelson Mandela. Katika nauli zote ambazo okestra hii imewahi kulipiwa, hii ndiyo ninayoiona safi kuliko zote.

Aprili 1951 Furtwängler, aliyezuiwa baada ya vita kisha akaruhusiwa kurudi kazini, aliwapeleka Misri. Cairo ilisikia Simfoni ya Saba ya Bruckner na ya Sita ya Tchaikovsky, na kanda za maonyesho hayo zipo hadi leo. Nazisikiliza kwa shauku ya peke yake, kwa kuwa Cairo ndiyo shule yetu: kutoka huko ndiko Sultani Barghash wa Unguja alikoanza kutafuta muziki wa kasri lake, na kutoka huko ndiko wazee wetu walikojifunzia namna ya kuivuta fidla hadi ilie kama mtu. Katika mji mmoja, zama moja, fidla za Berlin na fidla za Ummu Kulthum. Jinsi ya kuushika upinde ni ileile, na kila upande uliyafikia machozi kwa njia yake.

Furtwängler alifariki tarehe 30 Novemba 1954, na safari ya Marekani ilikuwa imeshapangwa kwa Februari na Machi 1955. Celibidache ndiye aliyekuwa ameiongoza okestra katika mamia ya maonyesho miaka ya shida. Lakini wakamwacha, wakamchukua Herbert von Karajan, naye akataka ahadi ya cheo cha maisha. Karajan alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi tangu miaka ya 1930. Mamia ya wanamuziki wa New York walisaini waraka wa kupinga, na nje ya Carnegie Hall watu walisimama na mabango. Kwa Bonn na Washington, hata hivyo, vita vilivyohesabika sasa vilikuwa dhidi ya Moscow, na Berlin Magharibi ilihitaji balozi. Okestra ikapiga, ukumbi ukashangilia. Mimi ningekuwa New York mwaka ule ningesimama na wenye mabango, ingawa santuri za Karajan ninazo na sitaki kuzitoa.

Kuanzia hapo ratiba ikawa ndefu, nami nitaipitia juu juu. Japani 1957. Moscow 1969, ambako walipiga Simfoni ya Kumi ya Shostakovich, mtunzi mwenyewe akiwa ukumbini. Beijing 1979, China ilipokuwa inafungua tena milango yake, wakapiga Beethoven bega kwa bega na wanamuziki wa Kichina. Wakati wa kushuka, ngazi ya ndege ilisogea, wanamuziki wawili wakaanguka na kuumia. Nyumbani, tangu 15 Oktoba 1963, walikuwa na ukumbi mpya wa Hans Scharoun, paa lake kama hema, wasikilizaji wamewazunguka wapigaji pande zote, hatua chache kutoka Ukuta wa Berlin uliokuwa na umri wa miaka miwili tu.

Watu wanaoona okestra jukwaani hawaoni kazi ya mabohari. Nafasi za wanamuziki leo ni 128. Dabal besi husafiri kila moja katika sanduku lake refu kama kabati, ngoma za shaba zina masanduku yake, makoti meusi yanatundikwa katika masanduku yenye magurudumu. Forodhani kila kitu kina hati, maana chombo kisicho na hati kinaweza kuchukuliwa kuwa bidhaa ya kuuzwa. Na ncha za pinde za zamani mara nyingi ni pembe za ndovu, hivyo kwa mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama zinahitaji kibali cha kuvuka mpaka. Pembe nyingi sana za karne ya 19 zilipita katika bandari yetu ya Unguja, mabegani mwa watu waliotembea kwa miguu kutoka bara. Hao hawakulipiwa nauli na yeyote.

Kiapo cha 1882 kilikuwa na pengo lake pia. Kwa miaka 100 wanaume hao hawakumpa mwanamke kiti cha kudumu. Wa kwanza ni Madeleine Carruzzo, mpiga fidla kutoka Uswisi, mwaka 1982. Wa kwanza kukaa kiti cha mbele kabisa cha fidla, Vineta Sareika-Völkner, alisubiriwa hadi 2023. Miaka 141 ni mingi kwa chama kinachojiita cha watu sawa.

Lakini kura walibaki nayo, na hilo nawaonea fahari. Kiongozi wao mkuu hateuliwi na waziri. Wanamchagua wenyewe, kila mwanamuziki kura yake: Claudio Abbado 1989, Simon Rattle 1999, Kirill Petrenko 2015. Kwa Petrenko walikaa kanisani Dahlem tarehe 11 Mei kwa saa nyingi wakatoka bila jina, wakarudi Juni na kumaliza.

Ukuta ulipofunguka usiku wa 9 Novemba 1989, Daniel Barenboim alikuwa Berlin akirekodi nao. Wanamuziki wakakubaliana kupiga Jumapili ya tarehe 12 asubuhi, bure, kwa yeyote mwenye kitambulisho cha Ujerumani Mashariki. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, watu walioishi umbali wa mwendo wa miguu na hawakuwahi kuingia. Mwaka uliofuata, na Barenboim huyohuyo, ambaye ni Myahudi aliyekulia Israeli, okestra ilikwenda Israeli kwa mara ya kwanza.

Tangu 1991 kila tarehe 1 Mei wanaadhimisha siku yao kwa onyesho, kwa kawaida katika mji tofauti wa Ulaya, wakianzia Prague. Mwaka 2020 ilikuwa wawe Tel Aviv, corona ikawabakiza Berlin: wapigaji wachache, wamekaa mbalimbali, viti vyote vitupu.

Miaka ya Goebbels walikaa kimya juu yake kwa muda mrefu mno. Ni mwaka 2007, walipotimiza miaka 125, ndipo kitabu cha Misha Aster na filamu ya Enrique Sánchez Lansch viliposimulia waziwazi namna hisa zilivyouzwa na safari zilivyolipiwa. Filamu iliwahi kuwapata wanamuziki wawili tu wa zama zile wakiwa hai, wazee sana. Wenzao zaidi ya 100 walikuwa wamekwenda na yao.

Vilabu vyetu navyo vimesafiri: Mombasa, Ghuba, Ulaya, Japani. Safari nyingine zililipiwa na serikali, nyingine na wafadhili, nyingine na mapromota kama yule wetu. Mikataba hiyo mingi iko katika masanduku ya mbao au katika kumbukumbu za watu waliopita miaka 70. Ewe msomaji, ikiwa kwenu yupo mzee aliyepiga udi, kodiani au ngoma katika safari hizo, mwendee wiki hii. Muulize walialikwa na nani, walilala wapi, walipewa posho kiasi gani, nauli katoa nani. Andika majibu yake pamoja na mwaka na majina, na nakala moja uipeleke klabuni kwake.